Kampuni ya mkopo ikifunga mulango, makuta ya asiransi haifungwi nayo

Ndugu zetu wa Goma wenye wako Uingereza wanatutumiaka vokali, eti ile asiransi ya PPI (ya kukulipia mkopo ukigonjwa ao ukipoteza kazi) waliuziwaka pamoja na mkopo basi imepotea, juu kampuni yenye iliwakopesha ilishaanguka. Hapana jamani.

Kule iko mfuko wa dhamana unaitwa FSCS, kazi yake njo hiyo: kampuni ya feza ikishindwa kulipa watu wake, wao wanaingia. Kama uliuziwa vibaya, tuseme walikudanganya bila asiransi hupati mkopo, ao ulikuwa unajitumikia mwenyewe na ile asiransi haingekulipa hata siku moja, kawaida wanarudisha 90%. Kuomba ni bure, mwenye anakuambia utume kwanza makuta ya dosye ni mwizi tu.

Watu wanaona tarehe 29 Agosti 2019 wanakata tamaa, na kweli ilikuwa mwisho wa kulalamikia banki juu ya PPI, lakini wewe mwenye kampuni yako ilikufa uliza FSCS wenyewe kama dosye yako inapita, usiulize shemeji.

Na deni lako lenyewe halifi, mfilisi anaweza kulidai ao kuliuzisha kwa mwengine.

Mwenye alikopa hapa Goma, kwa Birere, FSCS haimuhusu hata kidogo. Yeye aangalie karatasi yake ni kampuni gani ilitoa ile asiransi, juu mara mingi ni kampuni ingine, bado iko hai, na ya huku inasimamiwa na ARCA, njo wenye kuchunga kampuni za asiransi Kongo.