Adhabu na kurekebisha tabia: mtu huacha uhalifu kivipi

Mwizi akishikwa mtaani utasikia tu "huyu apewe miaka ishirini ajue", na mimi naelewa, tulivunjiwa nyumba hapa Kayole wakabeba hadi mtungi wa gesi, usiku kama huo hakuna mtu anataka kuskia mambo ya kurekebisha tabia. Lakini watu wanadhani adhabu ni ya wakali na kurekebisha ni ya wapole, na si hivyo kabisa.

Adhabu ni kile korti inakunyang'anya juu ya kosa lako, iwe pesa kama ni faini, iwe uhuru kama ni jela. Kwanza ukiwa ndani huwezi vunja mlango wa mtu huku nje. Halafu kuna woga, wako na wa wale wanakuangalia, na hapa kwa woga ndio watu wengi hukosea. Muitaliano mmoja, Cesare Beccaria, aliandika huko 1764 kwamba kinachozuia mtu si ukali wa adhabu, ni kujua itamfikia tu, tena haraka. Fikiria kijana amesimama Muthurwa saa moja jioni anavizia simu ya mtu. Hapigi hesabu ya miaka mitatu ama kumi na nne, anauliza kitu moja tu, nitashikwa ama sitashikwa? Kama wenzake walinyakua na wako nje wanatembea, na wale walishikwa kesi inaahirishwa na kuahirishwa mpaka shahidi anachoka kuja, ukali wa sheria haumguzi. Angalia wizi wa mabavu, sheria yetu imeuandikia kifo, na Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na watu bado wanaibiwa kwa bunduki.

Kurekebisha sasa ni kushughulikia kile kilimpeleka huko, inaweza kuwa pombe, hasira, shule aliacha darasa la sita, ama hana kazi yoyote anajua. Ndio maana jela ya Kamiti kuna karakana, nambari za magari zimetengenezwa huko miaka mingi, na wafungwa husoma wakafanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Ukifanya kazi na ukae na nidhamu unaweza kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo, miaka mitatu ikawa miwili, ingawa wa kifungo cha maisha na wa wizi wa mabavu hawapati hiyo.

Fundi mwenye alinitengenezea mlango baada ya ule wizi alijifunza useremala ndani. Aliniambia mwenyewe, sikumuuliza. Alipima fremu mara tatu na penseli iko kwa sikio, akanionyesha vile mbao mbili zimeingiliana kwa kona bila msumari hata mmoja. Anasema jela haikuwa ngumu kama mwaka wa kwanza nje, manake kila kazi wanataka cheti cha tabia njema kutoka DCI, wale wapelelezi wa polisi, na chake kilikuwa kinaonyesha kesi, mpaka mzee mmoja akamwachia kona ya karakana na randa ya kuanzia. Hapo ndio mimi naona tunaharibu. Serikali inamfundisha mtu kazi miaka mitatu halafu sisi wa nje tunamfungia kila mlango, na mwenye njaa hurudi kwa ile kazi ya zamani.

Kuna makosa hata hayafai kufika jela. Tangu 1998 tuko na sheria ya huduma kwa jamii, kama kosa lako kifungo chake hakizidi miaka mitatu hakimu anaweza kukuambia ufagie soko ama ulime shamba la shule, jioni unalala kwako, watoto wanakula, na hujalala selo moja na watu watakufundisha kuvunja magari. Kwa mtu ameshikwa na chang'aa ama ameiba kuku hiyo ni adhabu tosha, kufagia mbele ya majirani wanakujua si mchezo.

Kabla hakimu aamue, afisa wa probesheni huandika ripoti, na huwa anakuja mtaani kuuliza huyu ni mtu wa aina gani, anaishi na nani. Akibisha kwako usimfukuze ukisema hayakuhusu. Mwambie ukweli unaoujua, mbaya na mzuri, juu hiyo ripoti ndio inamsaidia hakimu kujua kama huyo kijana ni wa kwenda ndani ama ni wa kupewa ufagio.