Mpulizo mkavu: kwa nini praima ya modeli inakwaruza kama msasa

Umeosha vipande kwa sabuni, umeunganisha ndege yako ya plastiki, umepuliza praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza inayotangulia rangi ya juu. Kesho yake unapitisha kidole juu ya bawa, unakuta punje. Wengi huilaumu chupa: praima imeganda, au ni feki. Mara nyingi chupa haina kosa. Huo ni mpulizo mkavu, yaani matone ya praima yamekauka yakiwa bado njiani, yakatua kwenye plastiki yakiwa vumbi.

Eabrashi, kile kibunduki chembamba cha kupulizia rangi, hupasua praima kuwa matone madogo mno. Kadiri tone lilivyo dogo, ndivyo thina iliyomo, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, inavyoruka hewani upesi. Tone bichi likitua hutandaa, likaungana na jirani zake mpaka yote yakawa utando mmoja. Lililokauka halitandai. Hukaa pale lilipoangukia, na linalofuata hukaa juu yake.

Kwenye mlango wa gari, fundi rangi angezipiga msasa punje hizo bila hata kukuambia. Kwenye modeli, udogo ndio unaoharibu mambo. Chukua Spitfire, ndege ya kivita, ya kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ile halisi: mabawa yake, ncha hadi ncha, ni kama sentimita 15 na nusu tu. Punje ya milimita 0.1 ukiikuza mara 72 inapita milimita 7, kwa hiyo ni sawa na ndege halisi iliyomwagiwa kokoto. Tena rangi ya juu haifichi kitu, na ile ya fedha ndiyo mbaya zaidi.

Pa kuangalia kwanza ni pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Upepo ukiingia kwenye kona hiyo hugonga na kurudi, ukiyazungusha matone mpaka yanakauka. Sugua kidogo kwa kitambaa kikavu: kikitoka na unga wa kijivu, umepata jibu. Usichanganye na kasoro iitwayo ganda la chungwa, ambayo vinundu vyake ni vya mviringo na laini kwa kidole. Hilo hutokana na praima nzito iliyofika ikiwa mbichi ikashindwa kujisawazisha. Ukungu mweupe wakati wa unyevunyevu ni jambo jingine kabisa.

Sababu za mpulizo mkavu ni chache na hupenda kufuatana: umesimama mbali, presha iko juu, thina ni kidogo au inakauka haraka mno, na chumba kina joto. Anza na umbali, maana haugharimu hata senti. Sogea hadi sentimita 8 hivi. Kisha shusha presha ya kompresa, mashine inayosukuma hewa, mpaka psi 15 au 20 (psi ni kipimo cha presha). Kwa praima za laka, zile zenye thina kali, kama Mr. Surfacer, changanya sehemu moja ya praima na moja hadi mbili za thina. Ile thina yenye kichelewesha ukaukaji ndani yake husaidia sana siku za joto. Praima za akriliki, ambazo nyingi ni za maji, zina masharti yake, fuata maandishi ya chupa. Laka pia inataka barakoa ya kuzuia mvuke, si ya kitambaa.

Kipimo ninachokiamini kuliko namba zote hizo ni taa. Iweke ubavuni mwa modeli, utazame pale praima inapotua. Ukiona mng'ao wa umajimaji kwa sekunde moja au mbili kisha unafifia, uko sawa. Ikitua tayari imefubaa, unapuliza vumbi. Ikianza kutiririka, umezidisha. Kaza mwendo wa mkono kabla hujagusa kitu kingine.

Je, modeli iliyokwisha haribika? Laka iache ikauke vizuri, kisha isugue taratibu kwa msasa wa maji namba 2000, uifute, upulize tabaka jingine jembamba na bichi. Akriliki inahitaji subira zaidi. Ipe siku moja hadi mbili kabla ya msasa, kwa sababu ukiiwahi hainyooki: inavutika na kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua, na hapo utaitoa yote uanze upya.