Mbolea ya maganda ya kahawa: nani kasema mkulima hataki?

"Wakulima ni wagumu kubadilika." Kauli hii haikosi kila mbolea ya maganda ya kahawa inapotajwa, na inamwonea mkulima. Aliyeuza matunda mabivu ameyaacha maganda hukohuko kwenye mtambo wa kumenyea, nayo ni karibu asilimia 40 ya uzito wa tunda. Kuyarudisha kunataka usafiri, kisha watu wa kugeuza lundo, tena msimu ambao kila mtu yuko kwenye kuchuma. Kama shamba ni la kukodi, ndiyo kabisa: mboji hulipa polepole, na mwakani huenda analima mwingine.

Dhana: mfuko wa mboji ni sawa na mfuko wa urea. Hii huenezwa na wapigadebe wa mbolea ya asili wenyewe, na ndiyo inayowavunja wakulima moyo. Tupige hesabu. Urea kilo 50 ina kilo 23 za naitrojeni. Mboji yenye asilimia 2 ya naitrojeni ikiwa kavu, zitahitajika kilo 1,150. Ikiwa nusu ya uzito wake ni maji, mzigo unapita tani mbili, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haitoki msimu wa kwanza. Nguvu ya mboji iko kwingine: potasiamu, na udongo unaoshika maji. Kwa hiyo itumike pamoja na mbolea ya dukani, ambayo kipimo chake kitapungua kidogo kidogo.

Dhana: maganda mabichi ni mbolea tayari. Yana kafeini na tanini zinazoweza kuzuia mbegu kuota. Yaozeshwe kwanza pamoja na majani makavu na samadi, miezi mitatu au minne. Iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na ganda hulitambui tena.

Dhana: inarudisha shambani ruhuka, mdudu anayeharibu kahawa. Hofu hii ina msingi, kwani mdudu huyu huishi ndani ya tunda. Lundo likifika nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku kadhaa, likageuzwa ili na ya pembeni yaingie katikati, haponi. Lundo lililotelekezwa nyuma ya mtambo ni habari nyingine. Hapo mkulima ana haki ya kukataa.

Na kwamba inafaa mibuni tu? Hapana. Mgomba hula potasiamu kwa pupa kuliko mazao mengi.