Hedda Hopper, mwandishi wa udaku aliyeogopwa na Hollywood nzima

Kwenye vipindi vyetu vya historia ya habari ukitaja udaku watu wanafikiria simu na mitandao tu, kwahiyo leo ngoja tumwelezee Hedda Hopper, mama aliyeandika safu ya mastaa kule Hollywood kuanzia 1938, maana ukimwelewa huyu utajua nguvu ya udaku inatoka wapi, na haitoki kwenye kalamu.

Jina alilozaliwa nalo 1885 ni Elda Furry, baba yake alikuwa na bucha huko Pennsylvania. Kabla ya uandishi alikuwa muigizaji, kacheza filamu zaidi ya 100 lakini ustaa wenyewe haukumjia, umri ukasogea, kazi zikakauka, na safu yake ilipotoka mara ya kwanza kwenye gazeti la Los Angeles Times alishavuka miaka 50. Baadae inakadiriwa alisomwa na watu milioni 35, na jumba lake la Beverly Hills mwenyewe aliliita nyumba iliyojengwa na woga. Kofia zake kubwa za mbwembwe nazo zilikuwa maarufu kama yeye.

Sasa woga huo ulitoka wapi? Enzi hizo staa alikuwa kama mali ya studio, yani kampuni ya filamu, anasaini mkataba wa hadi miaka 7 na ndani yake kuna kipengele cha maadili, ukipata skendo wanaweza kukutema. Hapo ndo Hedda alipopatia makali. Unaolewa, una mimba, unaachana, unamwambia yeye kwanza, ukimpelekea mpinzani wake Louella Parsons, mwandishi wa udaku wa magazeti ya tajiri Hearst, basi jiandae kuandikwa vibaya. Studio nazo zilimlisha habari kwasababu zilitaka filamu zao zitajwe. Msomaji anaona mahojiano ya kirafiki kumbe mengine yalikuwa biashara, nipe hii nikufichie ile.

Aliyeumia sana ni Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu, Muingereza aliyefanya kazi Hollywood. Mwaka 1943 binti mmoja muigizaji, Joan Barry, alimwendea Hedda akamwambia ana mimba ya Chaplin na Hedda akalivalia njuga. Kesi ilipofika mahakamani damu zikapimwa: Chaplin grupu O, mama grupu A, mtoto grupu B. Hapa tunaomba msome taratibu, baba wa O na mama wa A hawawezi kuzaa mtoto wa B, B hiyo lazima itoke kwa mwanaume mwingine. Lakini kwa sheria za California wakati ule kipimo hakikuwa ushahidi wa mwisho, kwahiyo 1945 Chaplin akaamriwa kumtunza mtoto ambaye sayansi ilishasema sio wake, na jina lilishachafuka siku nyingi! Hedda hakumwacha, akaendelea kumwandama kwa siasa zake kwamba ni mtu wa wakomunisti, na 1952 Chaplin akiwa melini kwenda London serikali ya Marekani ikamfutia kibali cha kurudi. Alikanyaga tena Marekani 1972. Kwetu sisi hii sio burudani, ni mtu kuharibiwa maisha na tunaisema hivyo hivyo.

Nguvu ya Hedda ilianza kushuka studio ziliposhuka. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua studio kubwa ziachie majumba ya sinema zilizokuwa zinayamiliki, televisheni ikaingia, mastaa wakaanza kujitegemea, na mtu asiyebanwa na mkataba hana sababu ya kutetemeka simu ya Hedda ikilia. Aliendelea kuandika hadi alipofariki 1966.

Nyaraka zake zipo kwenye maktaba ya Margaret Herrick, ya hao wanaotoa Oscar, na kwetu kilicho muhimu zaidi humo ni barua za wasomaji. Watafiti waliozisoma wamekuta watu wa kawaida kabisa wakimsukuma Hedda azidi kumkaba Chaplin, yani hakuwa peke yake, alikuwa na umma nyuma yake unaomwambia ongeza.