Shata ya Taratibu si ya Usiku Peke Yake

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, mmoja wa wanafunzi wangu alinikuta kwenye kibaraza tunachokutania Mji Mkongwe, akanipa kamera yake nitazame picha aliyotoka kuipiga Forodhani kwa shata ya taratibu, yaani mlango wa mwanga wa kamera ukiachwa wazi kwa muda mrefu ili kinachosogea kilainike. Ilikuwa nyeupe kama shuka, haijulikani bahari inaanzia wapi wala mbingu inaishia wapi. "Maalim," akaniambia, "nilitaka maji yalainike kama ulivyotuonesha, lakini kumbe mambo haya ni ya usiku tu." Kauli hiyo nimeisikia kwa wanaoanza, nimeisikia kwa wenye kamera za bei kubwa, na nimeisikia hata kwa wapiga picha wa harusi walioizoea kazi kwa miaka. Kila ninapoisikia hunisikitisha, kwa sababu inawanyima watu mchana wote, na katika visiwa vyetu baadhi ya picha nzuri za aina hii hazipatikani ila mchana. Hapa naijibu kauli hiyo, pamoja na nyingine ninazozisikia kwa wapiga picha.

"Shata ya taratibu ni ya usiku, mchana picha itaungua tu."

Shata haijui usiku wala mchana. Sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachonasa picha, inapokea kiasi fulani cha mwanga, na kiasi hicho hutokana na ukali wa mwanga uliopo, upana wa tundu la lenzi na muda ambao shata imeachwa wazi. Mwanafunzi wangu alipiga kwa sekunde 2, f/8 (kipimo cha tundu: namba ikikua, tundu hupungua) na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kuhisi mwanga), chini ya jua lisilo na wingu. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na hesabu yao ya kichwani, ambayo mpaka leo haijapoteza kazi: katika jua kama hilo, kwa ISO 100, f/16 huendana na muda wa takriban 1/125 ya sekunde. Kutoka f/16 kuja f/8 ni stopu 2, na kutoka 1/125 kufika sekunde 2 ni stopu 8, jumla stopu 10. Na kwa kuwa kila stopu huzidisha mwanga mara mbili, sensa yake ilipokea zaidi ya mara elfu moja ya mwanga iliouhitaji. Hakuna kamera itakayostahimili hali hiyo. Lakini stopu 10 hizo hizo ndizo zinazozuiwa na filta moja nyeusi inayofungwa mbele ya lenzi. Angeifunga, akaacha mipangilio yake yote kama ilivyokuwa, picha ingetoka na mwanga wake sawasawa.

Nikimwona mtu bado anatikisa kichwa, humrejesha Paris, mwaka 1838, pale Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alipoielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenda kwenye barabara ya Boulevard du Temple, mchana kweupe. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilipokea mwanga polepole mno, hivyo lenzi ililazimika kubaki wazi kwa dakika kadhaa. Watu na magari ya farasi yaliyokuwa yakipita yote yalifutika, na barabara ikaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amesimama akisafishiwa viatu, ambaye alitulia kwa muda wa kutosha hadi bamba likamshika. Kwa hiyo moja ya picha za mwanzo kabisa kuonesha binadamu ni picha ya shata ya taratibu, tena ya mchana. Kwa bamba lile, usiku asingepata chochote.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kuhifadhiwa. Ukianzia 1/125 kwa f/16, filta ya stopu 3 inakupeleka kwenye 1/15, filta ya stopu 6 inakupeleka karibu na nusu sekunde, na filta ya stopu 10 inakupeleka kwenye sekunde 8. Ukitumia f/11, muda huo unapungua kwa nusu. Panga fokasi kabla ya kufunga filta nyeusi, kisha zima fokasi ya kujiendesha, kwa sababu ukishaifunga kamera mara nyingi haioni kitu na itahangaika kutafuta. Kama kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), ziba kitundu cha kutazamia, maana mwanga huingia kwa nyuma na kuacha madoa ambayo utayahangaikia baadaye bila ya kujua yametoka wapi. Mimi huwa na kipande cha kanga mkobani kwa kazi hiyo.

Asiye na fedha ya filta anaweza kutumia kioo cheusi kinachowekwa kwenye barakoa ya fundi wa kuchomelea. Kinazuia mwanga mwingi kweli, wakati mwingine kuliko filta ya stopu 10, na kinaifanya picha kuwa ya kijani. Basi igeuze iwe nyeusi na nyeupe na uendelee na kazi. Nimeona picha nzuri zilizopigwa kwa kioo cha namna hiyo kilichofungwa kwa mipira miwili, na nimeona filta za gharama zikizeekea mikobani kwa sababu mwenyewe anasubiri magharibi iingie.

Sasa nieleze kwa nini nasema mchana wetu una picha ambazo usiku hauna. Nenda Jambiani siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, na mara nyingi maji huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hurudi kadiri jua linavyopanda kuelekea utosini. Utakuta ngalawa zimekaa mchangani kwa matengo yake, zimetulia kama zimepigiliwa misumari. Maji yanaporudi huja kwanza kwa vimichirizi, yakafuata mifereji ya mchanga, yakazunguka chombo, yakapanda taratibu ubavuni. Kuna muda, labda dakika 20, ambapo maji yanakwenda na ngalawa haijaanza kuelea. Katika muda huo tu ndipo unapoweza kupata chombo kilichokamatwa wazi, hata nyuzi za kamba ya nanga zikihesabika, huku maji yote yakiwa yamelainika kuwa kitambaa. Ngalawa ikishaelea huanza kuyumba, na kwa sekunde 8 itageuka kivuli cha ngalawa. Anayesubiri jua lizame atakuta vyombo vinaelea vyote, atapiga, kisha atailaumu stendi yake.

Hapo hapo ndipo inapozaliwa dhana ndugu yake, kwamba kadiri muda unavyorefushwa ndivyo picha inavyokuwa bora. Kwa sekunde 30 mawimbi yanageuka ukungu na umbo lake linapotea lote. Kwa nusu sekunde, wimbi linalorudi baharini linaacha mistari mchangani, kila mstari na njia yake, na jicho linaona upande maji yanaokwenda. Mimi nusu sekunde naipenda zaidi, na kila mwanafunzi wangu lazima aanzie hapo kabla sijamruhusu kugusa filta ya stopu 10. Wapo wanaoniona mkali kwa hili. Lakini anayeanza na sekunde 30 hajifunzi kuyatazama maji, kwa kuwa picha zake zote hufanana.

"Badala ya filta, funga tundu hadi f/22."

Utapata stopu 1 tu zaidi ya f/16, na utailipia. Mwanga unaopenya tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima inapoteza ukali, hata pale penye fokasi. Nikihitaji stopu moja au mbili bila ya filta nyeusi hutumia filta ya polaraiza, ambayo pia hupunguza mng'ao wa jua juu ya maji na kuufanya mchanga wa chini uonekane.

"Filta ya kuzungusha inatosha kwa kila kitu."

Hii ni filta nyeusi ambayo giza lake huongezeka au kupungua unapoizungusha, na inatosha mpaka utakapoizungusha hadi mwisho ukiwa na lenzi pana. Hapo msalaba mweusi hutokea katikati ya mbingu, na hausafishiki kwa urahisi. Nunua filta mbili za kiwango kimoja kimoja, ya stopu 6 na ya stopu 10.

"Kamera yangu ina kizuia mtikisiko, kwa hiyo hakuna kitakachofifia."

Kifaa hicho hutuliza mkono wako. Mtoto anayekimbia, mnazi unaopepesuka na daladala inayokata kona vitaendelea na safari zao. Na kamera ikiwa juu ya stendi, kizime, kwa sababu baadhi ya lenzi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe.

"Kamera ikisogea, picha imeharibika."

Kwa hili nawapeleka wanafunzi Michenzani alasiri, ambako bodaboda hazikatiki. Weka 1/30 ya sekunde, mfuate dereva kwa kamera tangu akiwa mbali, bonyeza anapopita mbele yako, na usisimamishe mwili wako baada ya kubonyeza. Kosa la karibu kila mtu ni hilo la mwisho: anabonyeza na kusimama papo hapo. Ukifanya sawasawa, dereva anabaki wazi na maghorofa nyuma yake yanageuka mistari. Katika picha 20 za mwanzo utapata moja au mbili, na hizo zinatosha kukuonesha mwili wako ulifanya nini.

"Kupata duara za nyota, elekeza kamera kwenye Nyota ya Kaskazini."

Ushauri huu umetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, na kwao ni sahihi. Unguja ipo takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta na Pemba takriban nyuzi 5, kwa hiyo nyota hiyo kwetu haichomozi kabisa. Ipo chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Nimempata kijana mmoja aliyekesha Nungwi akiitafuta kwa saa tatu, na nilimhurumia kwa dhati. Sisi tunaelekea kusini. Simama pwani ya Kizimkazi na uitazame bahari: kitovu ambacho nyota zinakizunguka kipo kiasi cha nyuzi 6 tu juu ya maji, na hakina nyota angavu ya kukionesha, basi tumia dira. Piga fremu za sekunde 30 mfululizo, bila ya kupumzika kati yake, kisha ziunganishe. Mbingu huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo saa mbili zitakupa pinde za nyuzi 30, za upande wa mashariki zikichomoka baharini na za upande wa magharibi zikiingia baharini. Ukielekea mashariki, kutoka Paje au Bwejuu, nyota huchomoza karibu wima na michirizi hutoka karibu iliyonyooka.

Mwanafunzi yule wa picha nyeupe nimemwazima filta yangu ya stopu 6 mpaka bamvua lijalo, kwa sharti moja, kwamba akirudi kutoka Jambiani aioshe miguu ya stendi kwa maji ya kisima kabla hajaikunja, kila kifundo kwa zamu yake, kwa sababu chumvi ikikauka ndani ya vifundo hivyo stendi haitafunguka tena.