Tairi linagusa? Usikimbilie kuongeza springi

Wiki hii huyu ni dereva wa nne. Kapaki Land Cruiser 78 mlangoni mwa gereji, hapa Arusha, kashuka, na salamu hajaimaliza: "Fundi, tairi linagusa nikikata kona. Niongezee inchi moja mbele." Gari lilikwisha kuinuliwa milimita 50. Lilipoanza kugusa, fundi mwingine akaweka spesa juu ya springi, na bado linagusa. Nikamwomba akunje usukani wote kushoto, nikaingia chini na tochi. Mkono wa ekseli wa upande huo umeliwa rangi hadi chuma kinang'aa, upana wa vidole vitatu, na unga mweusi wa mpira umejaa pembeni yake.

Sasa tuelewane. Kwenye 78 na 79 zenye koili mbele, yaani tangu 1999, ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu. Mbele imefungwa kwenye ekseli yenyewe, nyuma imeingia kwenye chesisi kwa bushi. Kwa hiyo mkono na tairi ni wakazi wa ekseli moja. Ukiinua chesisi inchi mbili, ukiinua inchi sita, nafasi kati ya tairi na mkono ule haiongezeki hata unywele. Watu wanalipia springi mpya kutibu mahali ambapo springi haifiki. Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu hela ni za dereva ambaye gari ndilo shamba lake.

Chanzo cha gari lile kilikuwa upana. Lilitoka kiwandani na tairi za 7.50R16, likavishwa 285/75R16. Ukitazama kwa macho unaona tairi limekuwa refu, lakini piga hesabu: kimo kimeongezeka chini ya milimita 30, maana yake kutoka kitovuni hadi ukingoni ni kama 14 tu. Upana ndio umezidi kwa takriban 70. Ukibaki na ofseti ileile, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye habu na katikati ya upana wake, 35 zinaingia ndani kuufuata mkono na 35 zinatoka nje kuifuata madigadi. Dawa yake ni rimu yenye ofseti ndogo zaidi, au kuongeza washa kwenye boliti inayozuia usukani ili usikunje mpaka mwisho. Washa ni rahisi, ila mzunguko wa gari unapanuka, na dereva atakulaumu siku anapogeuza kwenye njia nyembamba. Rimu nayo ina deni lake: tairi likisogea nje, usukani unakuwa mzito, bearingi zinabeba mzigo vibaya, na ukingo wa nje wa tairi unachora tao kubwa zaidi wakati wa kukunja. Unaponya ndani, unaanza kugusa madigadi. Mimi huchanganya vyote viwili, kidogo kidogo.

Nikishasema hayo, dereva hujibu: "Lakini fundi, linapogusa madigadi, si springi ndefu itasaidia?" Gari likiwa limesimama, ndiyo. Kwenye shimo, hapana. Kinachoamua tairi litapanda mpaka wapi ni bamstopu, ule mpira unaopokea ekseli springi ikibanwa kabisa. Springi ndefu imebadilisha mahali gari linaposimama. Bamstopu ikibaki ya kiwandani, ekseli bado inapanda mpaka palepale, sasa ikiwa na tairi kubwa. Ndiyo maana mtu anazunguka mjini wiki nzima kimya, halafu anateremka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto na abiria saba, usukani umekunjwa, gurudumu moja limeinama, na hapo ndipo anasikia kelele.

Namna ya kupima ninayoiamini ni hii. Toa springi zote mbili za mbele, fungua shokapu upande mmoja, weka chesisi kwenye stendi imara, kisha inua ekseli kwa jeki mpaka ikae kwenye bamstopu. Upande mmoja juu, mwingine uachie uning'inie. Paka chaki ya maji ndani ya madigadi na kwenye mikono, kunja usukani mwisho hadi mwisho huku unazungusha tairi kwa mkono. Chaki ikifutika, umepata ukweli. Hapohapo pima shokapu: ikibanwa kabisa kabla ekseli haijafika kwenye bamstopu, ni ndefu mno, itajipasua au itang'oa kishikio chake. Shusha ekseli mpaka mwisho, tazama hozi ya breki isikaze.

Likigusa upande mmoja tu, wacha matairi kwanza. Angalia fito iliyokingama, inayotoka chesisi upande mmoja kwenda ekseli upande wa pili. Gari likipanda, fito inalala mshazari zaidi na kuivuta ekseli upande ule ilikofungwa kwenye chesisi. Ni milimita chache, lakini panapobana zinatosha. Fito ya kurekebika inamaliza. Kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hukunjia, nayo inapungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Hilo litibu kwa bushi za kurekebisha, na usimruhusu mtu akuambie ni alaimenti ya kawaida.

Niseme na wasiwasi wangu. Kipimo cha gerejini hakitikisiki. Njia ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, ina mawimbi yanayotikisa bushi muda wote, tairi linapata joto, ukuta wake unavimba kidogo chini ya mzigo, na ekseli inasogea kuliko ilivyosogea kwenye jeki. Mimi huacha nafasi ya vidole viwili kila mahali. Hakuna hesabu iliyonipa namba hiyo, ni mazoea tu, na kuna gari lilirudi na alama mpya kwenye madigadi ingawa vidole viwili vilipita vizuri.

Hili la wiki hii nimelitoa spesa, nimebadilisha rimu, nimeongeza washa moja kila upande na bamstopu ndefu zaidi. Nimepaka chaki mpya kwenye mkono wa kushoto kabla halijatoka. Dereva amekwenda Ndutu, akirudi nitaingia chini tena na tochi.