Je, wajua kwa nini dozi moja ya chanjo ya Uviko-19 ilimtosha kijana shuleni, lakini haikumtosha uwanja wa ndege?

Februari 2022, shule za Uingereza zilipokaribia kufunga kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, kulikuwa na aina moja ya familia iliyokwama. Baba na mama wamechanja dozi zote mbili, na pengine ile ya nyongeza pia. Kitinda mimba wa miaka tisa hana neno, kwa kuwa Hispania haikudai cheti kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Aliyezuia safari ni yule wa kati, wa miaka 13 au 14. Muuguzi alimfuata shuleni akamchanja dozi moja, kama serikali ilivyoelekeza. Lakini tangu tarehe 1 Desemba 2021, Hispania ilimtaka kila anayetoka Uingereza mwenye miaka 12 au zaidi awe amekamilisha chanjo, na kwa chanjo ya Pfizer kukamilisha kulimaanisha dozi mbili pamoja na siku 14 baada ya ile ya pili.

Kijana huyo hakukaidi chochote. Alifanya kila alichoambiwa na wataalamu wa nchi yake, kisha akafika kaunta ya ndege akahesabiwa kuwa hajakamilisha. Jambo hili liliwaudhi wazazi wengi, na nadhani walikuwa na haki ya kuudhika. Ili kuelewa lilivyotokea, inabidi tujue kwamba daktari na afisa wa uhamiaji walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti, ingawa wote walitaja idadi ya dozi.

Swali la daktari ni hili: je, sindano hii itamletea mtoto huyu faida kubwa kuliko madhara?

Kwamba chanjo inafanya kazi kwa vijana, hilo halikuwa na ubishi mkubwa. Pfizer ilifanya majaribio Marekani kwa vijana 2,260 wa miaka 12 hadi 15. Katika kundi lililopewa sindano isiyo na dawa waliugua 18. Katika kundi lililochanjwa hakuugua hata mmoja. Marekani ikairuhusu kwa umri huo tarehe 10 Mei 2021, mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya tarehe 28 Mei, na Uingereza tarehe 4 Juni. Kipimo kilikuwa kilekile cha mtu mzima, mikrogramu 30, mara mbili. Watoto wa miaka mitano hadi 11 ndio waliokuja kupewa kipimo kidogo, mikrogramu 10.

Mjadala uliletwa na moyo. Katika miezi hiyohiyo ya 2021, madaktari wa Israel, nchi iliyochanja watu wake mapema kuliko karibu zote, walianza kuona wavulana na vijana wa kiume wanaofika hospitali na maumivu ya kifua siku chache baada ya dozi ya pili. Ilikuwa maiokaditisi, yaani kuvimba kwa misuli ya moyo. Ni tatizo la nadra, na wengi wao walipona kwa mapumziko na matibabu ya kawaida. Ugonjwa wa Uviko-19 wenyewe pia unaweza kuuvimbisha moyo. Hata hivyo takwimu zilionyesha mpangilio usioweza kupuuzwa: wavulana zaidi ya wasichana, na dozi ya pili zaidi ya ya kwanza.

Sasa fikiria uko kwenye kamati inayoamua. Kwa mzee wa miaka 70 hesabu ni nyepesi, maana Uviko-19 ungeweza kumuua, na hatari ya chanjo ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo. Kwa mvulana wa miaka 13 mwenye afya njema, ugonjwa mara nyingi ulikuwa wa siku chache. Faida ya chanjo kwake ni ya kweli lakini ni ndogo, kwa hiyo hata dhara la nadra linaanza kuonekana kwenye mizani. Kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu chanjo, JCVI, ilisema waziwazi tarehe 3 Septemba 2021 kwamba faida kwa watoto wa miaka 12 hadi 15 imezidi madhara kwa kiasi kidogo tu, kisichotosha kupendekeza wachanjwe wote kwa sababu ya afya yao peke yake. Ikashauri serikali iwaulize maofisa wakuu wa tiba wa nchi nne za Uingereza, ambao waliongeza kwenye hesabu suala la masomo yaliyokuwa yakivurugwa. Tarehe 13 Septemba wakatoa jibu: wachanjwe, dozi moja. Wale wa miaka 16 na 17 walikuwa wameshaambiwa hivyohivyo tangu tarehe 4 Agosti.

Uingereza haikuwa peke yake. Norway iliwapa watoto wa miaka 12 hadi 15 dozi moja, na wataalamu wa Hong Kong walishauri vivyo hivyo kwa wa miaka 12 hadi 17.

Wengi waliona dozi moja ni nusu ya kinga. Mwili hauhesabu hivyo. Dozi ya kwanza inaufundisha mwili kumtambua kirusi na kuacha chembe zenye kumbukumbu. Ya pili inaziamsha chembe hizo na kuzifanya ziwe nyingi na imara zaidi. Kwa kijana aliyewahi kuugua, somo la kwanza lilishatolewa na ugonjwa wenyewe, hivyo sindano yake moja ilifanya karibu kazi ya dozi ya pili. Na katika vuli ya 2021, virusi vilikuwa vimezagaa mno katika shule za sekondari za Uingereza. Kwa hiyo dozi moja ulikuwa uamuzi wenye hoja: unapata sehemu kubwa ya faida, unaikwepa ile dozi iliyohusishwa zaidi na moyo, na unasubiri takwimu zaidi.

Afisa wa mpakani hana muda wa hayo yote. Swali lake ni: je, cheti hiki kinalingana na sheria niliyopewa? Na sheria hiyo ilinakiliwa kutoka ratiba ya mtengenezaji kwa watu wazima. Pfizer mbili, AstraZeneca mbili, Janssen moja.

Hapo ndipo unapoona kwamba namba peke yake haisemi mengi. Tanzania ilipozindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa miongoni mwa waliochanjwa mwanzo, chanjo iliyokuwepo ilikuwa Janssen ya kampuni ya Johnson & Johnson, kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Mtu mzima aliyechanjwa Dar es Salaam sindano moja ya Janssen alihesabika katika nchi nyingi kuwa amekamilisha. Kijana wa London mwenye sindano moja ya Pfizer hakuhesabika. Tofauti ilikuwa kwenye ratiba iliyoandikwa, wala haikumaanisha kwamba mmoja alikuwa hatari kwa abiria wenzake kuliko mwingine.

Kisha kuna kalenda, na kalenda ndiyo iliyowaumiza watu kuliko kitu kingine. JCVI ilibadili ushauri wake na kukubali dozi ya pili kwa miaka 12 hadi 15 tarehe 29 Novemba 2021, kirusi cha Omikroni kilipoingia. Lakini iliweka pengo la wiki 12 kati ya dozi mbili, badala ya wiki tatu za mtengenezaji, kwa kuwa pengo refu linajenga kinga vizuri na linaonekana kupunguza hatari kwa moyo. Piga hesabu. Aliyechanjwa shuleni wiki ya mwisho ya Septemba alifikia wiki 12 katika siku zilezile za kuelekea Krismasi. Ongeza siku 14 za Hispania, umeshaingia Januari. Aliyeugua mwishoni mwa Novemba aliambiwa asubiri wiki 12 tangu kuugua kwake, na likizo ya Februari ikampita. Pengo lililowekwa kuulinda moyo wake ndilo lililomzuia kusafiri.

Hata cheti kilichelewa. Kwa muda mrefu pasi ya chanjo ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ile iliyotambuliwa na nchi za nje, haikutolewa kwa walio chini ya miaka 16. Watoto wa miaka 12 hadi 15 walianza kuipata kwa barua ya posta katikati ya Desemba 2021, na ya kwenye simu mwanzoni mwa Februari 2022.

Kulikuwa na njia nyingine, na baadhi ya nchi ziliiona tangu mwanzo. Marekani ilipoanza kuwadai wageni wa ndege cheti cha chanjo tarehe 8 Novemba 2021, iliwaacha nje walio chini ya miaka 18, ikisema kwamba upatikanaji wa chanjo kwa watoto unatofautiana mno duniani. Mzazi wa Nairobi au Dar alionyesha cheti. Mwanawe wa miaka 15 alionyesha kipimo kisicho na virusi. Uingereza nayo, tarehe 22 Novemba 2021, ikaamua kila anayeingia akiwa chini ya miaka 18 ahesabiwe kama aliyechanjwa. Kwa hiyo kijana wetu aliyekataliwa kwenda Hispania angeweza kurudi nyumbani bila tatizo lolote. Kanada iliwadai hata vijana wakitaka kupanda ndege na treni, lakini iliandika umri kuwa miaka 12 na miezi minne, ili mtoto aliyefikisha miaka 12 apate nafasi ya kumaliza dozi zake. Miezi minne ile inaonyesha kuna mtu aliyekaa akamfikiria mtoto halisi na siku yake ya kuzaliwa.

Hispania ililegeza tarehe 14 Februari 2022. Kijana wa miaka 12 hadi 17 kutoka Uingereza akaruhusiwa kuingia kwa kipimo cha PCR kisicho na virusi kilichochukuliwa ndani ya saa 72. Mabadiliko hayo yaliwakuta baadhi ya familia zikiwa tayari zimeahirisha safari. Baadaye Umoja wa Ulaya uliamua kwamba ukomo wa siku 270 wa cheti cha chanjo usiwahusu walio chini ya miaka 18, ili wasilazimike kutafuta dozi ya nyongeza kwa ajili ya safari tu. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa uamuzi wa busara, na ungefaa kutangulia: mtoto asidungwe sindano ambayo daktari wake hajaona haja nayo, eti apate muhuri.

Tangu hapo mambo yamegeuka sana. Marekani iliondoa sharti la chanjo kwa wasafiri Mei 2023, mwezi uleule Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwisho wa dharura. Miezi miwili kabla, wataalamu wa shirika hilo walikuwa wameshawaweka watoto na vijana wenye afya njema katika kundi la kipaumbele cha chini kwa chanjo hii. Idadi ya dozi hubadilika kadiri ushahidi unavyoongezeka, na si kwa Uviko-19 pekee: chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa Tanzania walikuwa wakipewa mara mbili, tangu 2024 hutolewa mara moja.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, cheti ambacho bado kinaweza kumrudisha kijana kutoka mlangoni ni kadi ya homa ya manjano. Kanuni za Afya za Kimataifa zinautaja ugonjwa huo kwa jina kuwa unaoweza kudaiwa uthibitisho wa chanjo mpakani, na hapo hesabu ni moja kwa mtoto na mkubwa: dozi moja, inayoanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kilichapwa zamani kikiwa na ukomo wa miaka kumi. Ukitaka kusafiri na mwanao, mpeleke kuchanjwa walau wiki mbili kabla, hakikisha jina kwenye kadi limeandikwa sawasawa na la kwenye pasipoti, na usiitupe kadi ile ya zamani.